Swali la Mtu Anayejua Jibu

Wanajumuiya wenzangu, tangu nirudi mnaniangalia kichwa. Mnatazama kitambaa nilichofunga, halafu mnajifanya mnatafuta kiti. Mama Ester peke yake ndiye aliyeniuliza waziwazi kama ni ugonjwa. Si ugonjwa. Nimenyolewa kwetu Katavi, na nywele zitaota. Lakini kwa kuwa safari hii kwangu ilianzia kwenye ubishi wetu wenyewe, nimeona niwaandikie yote kwa mpangilio, kuliko kuwasimulia nusu nusu mlangoni pa kanisa.

Ubishi mnaukumbuka. Tulikuwa kwangu, tumesoma pale Mungu anapomtafuta Adamu bustanini na kumuuliza yuko wapi. Mwenyekiti akauliza: ina maana Mungu alikuwa hajui? Mama Ester akasema anajua kila kitu kabla hakijatokea, hata nani atachelewa misa Jumapili. Mimi nikasema kama ni hivyo Adamu alionewa, maana mtu ambaye kosa lake limeshaonekana kabla hajazaliwa atachagua nini tena? Tulipandishiana sauti mpaka chai ikapoa. Wiki hiyohiyo mama alinipigia simu kutoka Mpanda.

Baba yangu alifariki wakati wa masika. Kwetu msiba hauishi siku ya kuzika. Mavuno yakishaingia ndani, ndugu wanarudi, watoto wa marehemu wananyolewa, na anayeanza ni mtoto wa kwanza. Mtoto wa kwanza wa baba ni kaka yangu Deogratias. Hakuja kuzika. Mama alitaka niende nikamwite.

Dodoma hadi Tabora

Nilikaa dirishani upande wa jua, kama kawaida yangu ya kuchagua vibaya. Jirani yangu alikuwa mama mnene, mcheshi, aliyebeba karanga za kukaanga kwenye kopo la maziwa. Mpaka Singida tulikuwa tumeshakuwa marafiki. Alinipa karanga, nikampa maji, akanionyesha picha za wajukuu wote kwenye simu.

Mbele ya Singida tairi likapasuka. Tukashuka wote, tukasimama kwenye kivuli cha basi ambacho kilikuwa kinapungua huku tukikitazama. Spea ilipotolewa ilikuwa kipara kuliko lile lililopasuka. Tulikaa pale sana.

"Mungu ndiye aliyepanga," jirani yangu akasema. "Huenda mbele kulikuwa na ajali inatusubiri."

"Mungu hakununua tairi kipara, mama," nikamjibu.

Nilisema kwa utani. Lakini mdomo wangu mnaujua, utani wake unafika ukiwa umeshavaa viatu vya ugomvi. Tulipopanda tena alifungua kopo lake, akawapa karanga walio mbele, akawapa walio nyuma, mimi akaniruka. Mpaka Tabora nilitazama dirishani na maneno yangu ya busara. Nililala nyumba ya wageni ambayo redio ya jirani ilikuwa inaongea kuliko mimi.

Tabora hadi Mpanda

Kama hamjapita njia ile, ni pori. Miombo kushoto, miombo kulia, lami katikati, halafu miombo tena. Wakati wa kiangazi majani yameungua chini na miti imebaki na majivu miguuni. Mara chache unaona mtu amesimama na chupa za asali kando ya barabara, na huoni nyumba aliyotoka. Jirani yangu safari hii alilala tangu Sikonge. Nikapata muda wa kumfikiria Deo.

Baba alikuwa katekista. Kabla Deo hajazaliwa aliota ndoto, akaamka na kumwambia mama kwamba tumboni mle kuna padri. "Nimeshaona," alisema, na hilo neno likawa lake mpaka mwisho. Kaka yangu aliitwa Padri kabla hajaota meno. Akichezea udongo, watu wanasema Padri anajenga kanisa. Akipigana, Padri anapigana na shetani. Alipelekwa seminari, akakaa miaka michache, akarudi na sanduku lake akasema hataki. Mimi nilikuwepo mlangoni. Nilidhani baba atapiga kelele. Baba alimtazama tu, akasema, "Nilijua."

Basi ikawa hivyo. Deo akajifunza ufundi wa injini, baba alijua. Akachumbia msichana wa Nsimbo, uchumba ukavunjika, baba alijua. Siku aliyosema anaondoka kwenda ziwani kutafuta kazi, baba alikuwa anakunywa uji. Hakuinua hata kichwa. "Nilijua utaondoka," akasema. Deo akaondoka, na hakurudi tena nyumbani.

Baba hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Deo kuliko sisi wote, ndiyo maana alikuwa anamwona kila mahali alipokwenda. Mimi hakuwahi kuniotea ndoto yoyote.

Makanyagio

Bodaboda ilinishusha mbele ya nyumba yetu ya mjini Mpanda jua likiwa juu. Mama alikuwa uani anapepeta mchele. Amepungua. Shingo imekuwa nyembamba na khanga imemzidi.

"Tulijua utakuja," akasema, akaendelea kupepeta.

Nimetoka Dodoma, nimekaa siku mbili barabarani, vumbi mpaka kwenye kope. Nilitua begi langu mwenyewe, nikajitekea maji mwenyewe. Hapo ndipo nilipojisikia mpweke kuliko hata ndani ya basi.

Jioni, tukila wali na maharage, nikamuuliza kwa nini hatumpigii Deo simu. Namba yake tumeshaipata kwa watu.

"Mtoto wa kwanza haitwi kwa simu. Anaendewa."

"Na akikataa?"

"Nenda kamwambie mama anakuita kwenye kunyoa. Basi. Usiongeze neno."

"Niongeze neno gani tena, mama?"

Mama alinitazama. Alikuwa anazungumzia jambo ambalo tulilisikia sisi tuliomuuguza baba. Siku mbili kabla hajafa, baba alifumbua macho, akasema vizuri kabisa, "Deo atakuja siku ya kunyoa. Nimeshaona." Halafu akaomba maji.

"Wewe mwenyewe unaonaje?" nikamuuliza mama. "Atakuja?"

Alinifungia mchele kwenye mfuko wa sandarusi. "Huu umpelekee. Kule mchele wao si kama wetu," akasema. Jibu lingine hakunipa.

Mpanda hadi Kapalamsenga

Gari la abiria la kwenda ziwani lilisema linaondoka asubuhi. Liliondoka lilipojaa. Njiani vumbi lilikuwa jekundu, na wote tulifanana, kama watoto wa mama mmoja.

Mbele ya Majalila tukasimama. Ng'ombe walikuwa wanavuka barabara, na hawakuisha upesi. Dereva alizima injini. Kando yangu alikaa mzee wa Kisukuma, fimbo katikati ya magoti, kofia ya pama iliyopigwa brashi vizuri. Alikuwa na jogoo mweupe miguuni, amefungwa kwa kamba.

"Mayu, unaenda kwa nani?" akaniuliza, akiniita mama kwa lugha yao.

Nikamweleza. Kaka yangu, msiba, kunyolewa.

"Atakubali?"

"Sijui."

"Basi wewe una safari nzuri. Mimi naenda kumwomba mke wangu arudi nyumbani. Na najua atakataa. Huyu jogoo nitarudi naye."

"Sasa kama unajua, unaenda kufanya nini, baba?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula. "Nisipoenda atakuwa hajakataa," akasema. "Atakuwa hajaulizwa tu. Mtu hawezi kukataa kitu ambacho hajaulizwa."

Nilitaka kucheka, nikakumbuka karanga. Alishuka kijiji kimoja kabla ya kile nilichokuwa naenda, jogoo kwapani. Mpaka leo sijui ilikuwaje kwa yule mzee, na huwa namfikiria.

Kapalamsenga

Hakuna aliyemjua Deogratias. Nilimtaja jina, nikataja la baba, nikataja ukoo. Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa walitikisa vichwa. Nilipotaja injini za mitumbwi ndipo wakapiga makofi.

"Aa, Fundi! Sema Fundi!"

Wakanitazama kuanzia juu mpaka chini, begi, mfuko wa mchele, vumbi. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, halafu wote wakaanza kunichangamkia. Nikaletewa ndoo nikae, nikaletewa maji ya kunawa uso.

"Kumbe Fundi ana mke! Miaka yote tunamuuliza, anacheka tu."

"Mimi ni dada yake," nikasema.

"Haya, dada yake," wakasema, na hawakuniamini hata kidogo. Msichana alitumwa mbio kwenda kumwambia Fundi kwamba mkewe amefika. Kwa hiyo kaka yangu alikuja akiwa na sura ya mtu anayejiandaa kukana. Aliponiona alisimama. Ndevu zina mvi. Mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko.

"Nilijua wangekutuma wewe," akasema.

Kisha akasikia mwenyewe alichosema. Akajipiga paji la uso, likabaki na alama nyeusi. "Umeona, mdogo wangu? Nimekuwa kama mzee." Tukacheka, halafu nikalia, naye akashindwa anishikeje kwa mikono ile.

Anaishi chumba kimoja karibu na ufukwe. Kiti kimoja, kikombe kimoja, sahani mbili kwa sababu moja ilisahauliwa na mtu. Alinipa kiti, yeye akakalia dumu. Tulikula ugali wa muhogo na samaki wa migebuka waliopikwa kwa mawese, na nilikula mpaka nikaona aibu. Nikampa mchele wa mama, nikamwambia ujumbe kama nilivyotumwa: mama anakuita kwenye kunyoa. Basi. Sikuongeza neno.

Hakujibu siku hiyo. Kesho yake asubuhi nzima alikuwa ameinamia injini moja, anafungua, anafunga, anafungua. Nilikaa karibu nikiangalia ziwa. Ni zuri lile ziwa, lakini ukilitazama muda mrefu peke yako linakufanya ujione umesahauliwa. Nikaelewa kwa nini alilipenda. Pale hapakuwa na mtu aliyemwona kabla hajafika.

Mchana akaja ananawa mikono kwa mafuta ya taa.

"Skola, nimefikiri," akasema. "Tutakwenda wote. Nitakwenda kwa sababu ya mama. Na hata mzee, nitakwenda nisimame pale kaburini nimwambie nimekuja kwa miguu yangu."

Alifunga begi. Akafunga na mlango kwa kufuli. Tukaenda kusimama barabarani kusubiri gari, na wale wanawake wa dagaa wakatupungia kama maharusi. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tangu baba afe. Na furaha kwangu ni kama pombe kwa wengine, inafungua mdomo.

"Baba angefurahi," nikasema. "Unajua alisema kabisa? Siku mbili kabla. Alisema Deo atakuja siku ya kunyoa, ameshaona."

Nilidhani nampa zawadi.

Kaka yangu aliweka begi chini taratibu.

"Kwa hiyo hili nalo ni lake," akasema.

"Hapana, kaka. Ni lako. Umeamua mwenyewe, nimekuona unaamua."

"Nilidhani nimeamua."

"Kujua si kulazimisha! Mimi najua jua litazama leo. Kwani nalisukuma?"

"Jua halina pa kwenda pengine, Skola. Mimi ninapo."

"Yeye alisema tu. Kwani hakukuacha uende ulikotaka?"

"Angejua akanyamaza, ningekuja," akasema. "Angejua yote, tangu tumboni, akakaa nayo moyoni, ningekuja hata kumzika. Lakini mtu unafika mahali, unamkuta ameshakalia kiti chako anakwambia nilijua. Unabakiwa na nini?"

Mimi niliyewabishia ninyi nyumbani kwangu kwamba Adamu alionewa, nilisimama barabarani Kapalamsenga nikitetea upande wa Mama Ester, na nikashindwa.

Gari likaja. Deo alinipandishia begi langu. Lake lilibaki chini. Nilimwona kwenye vumbi la nyuma, amesimama tu, hajageuka kurudi na hajasogea mbele.

Kurudi Mpanda

Kiti cha pembeni yangu kilikuwa wazi njia nzima. Kilipata abiria wawili watatu wa karibu, wakashuka, kikawa wazi tena. Nilikuwa natunga jinsi ya kumwambia mama, na kila nilichotunga kilikuwa na uongo ndani yake.

Sikuhitaji. Mama alikuwa mlangoni. Alitazama nyuma yangu mara moja tu.

"Uliongeza neno," akasema.

Nililia pale uani kama mtoto. Mama aliniacha nilie, akaleta maji. "Nawa ule," akasema.

Litapunga

Shamba letu liko Litapunga, na baba alizikwa huko pembeni ya shamba. Siku ya kunyoa ndugu walijaa. Baba mdogo ndiye aliyeshika wembe. Alikaa kwenye kigoda na beseni la maji miguuni, akasubiri. Asubuhi ikaisha. Watu walikuwa wanatazama njia, halafu wananitazama mimi. Nikasikia shangazi mmoja akimwambia mwenzake kwamba marehemu safari hii hakuona vizuri.

"Tuanze na Skolastika," mama akasema mwishowe.

Nikakaa mahali pa mtoto wa kwanza. Maji yalikuwa ya baridi. Baba mdogo ana mkono mzito, na nywele zangu ninazozilisha mafuta ya bei mbaya zikaanguka kwenye khanga fungu kwa fungu. Nikanyolewa mimi, wakanyolewa wadogo zangu, tukala, tukasali, na jioni watu wakaanza kuondoka. Wadogo zangu walitaka kumrudisha mama Makanyagio. Alikataa.

"Nitabaki kidogo hapa shambani," alisema. Nikabaki naye.

Kesho yake mama aliamka akapika wali. Alipika sufuria kubwa, ile ya wageni.

"Mama, tuko wawili," nikamwambia.

"Ndiyo iliyokuwa safi."

Haikuwa safi. Nilimwona anaisugua kwa majivu. Alikaa na kitambaa mkononi, mgongo ameipa njia kabisa, kama mtu asiyemsubiri mtu. Lakini kila pikipiki ikilia mbali, mkono wake ulikuwa unasimama.

Jua lilipokuwa utosini pikipiki moja haikupita. Ilizima injini. Deo akashuka, begi lilelile. Akavua kofia, na nikaona kichwa chake kimenyolewa, tena vibaya, na sikio limekatwa kidogo nyuma. Alijinyoa mwenyewe, siku ileile tuliyonyolewa sisi, kule kwake, kwenye chumba cha kiti kimoja. Halafu akaja siku ambayo baba hakuiona.

Mama aligeuka. Niliutazama uso wake vizuri sana, maana nilitaka kujua kama naye alijua.

"Deo?" akasema, na akainuka kwa shida, mkono kifuani. "Ni wewe? Umekuja?"

Aliuliza kabisa. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye jibu linaweza kuwa ndiyo na linaweza kuwa hapana. Na sufuria ya wali inafuka moshi nyuma yake.

"Nimekuja, mama," Deo akasema. "Nimeamua kuja leo."

"Karibu, mwanangu. Karibu ukae."

Kaka yangu alikaa akalia, kichwa chake kile cha mikwaruzo kikiwa magotini pa mama. Alikula sahani mbili. Alikwenda kaburini peke yake, na alichosema huko hakutuambia. Kesho yake akarudi ziwani. Hakusema atarudi lini, na mama hakusema anajua.

Kwa hiyo, Mwenyekiti, jibu langu kwa swali lako ndilo hilo, kama ni jibu. Sijui Mungu anajuaje. Lakini nimemwona mtu mmoja anayejua, na nimeona kwa nini aliuliza.

Ila kuna jambo lilinikaa kooni, na niliseme kwa sababu mmezoea kunisikia nikisema. Adamu aliulizwa. Kaini naye aliulizwa, tena zaidi ya mara moja. Abeli, mtoto mtulivu wa kondoo zake, hakuna mahali alipoulizwa kitu. Kwa nini aulizwe? Alikuwa anajulikana. Nilikaa stendi ya Mpanda nikisubiri basi, kichwa kinaniwasha, nikajisikia Abeli kabisa.

Mama alinisindikiza mpaka mlangoni pa basi. Kila mwaka tukiagana pale huniambia nije na nini: Krismasi uje na vitenge, Krismasi uje na dawa ya miguu. Safari hii hakutaja kitu. Alinishika mkono, akanitazama kichwa, akanitazama macho.

"Skola," akasema. "Krismasi utakuja?"

Hakuna mtu kwetu aliyewahi kuniuliza kama nitakuja. Nilitazama ule uso niliouona Litapunga, ukiwa umegeuzwa kwangu, unasubiri.

"Sijui, mama," nikasema. "Nitaangalia."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo zito. Basi likaondoka. Tulipofika Inyonga nilikuwa nimeshaamua, lakini mpaka leo sijampigia simu kumwambia.